Sikumutupa Papa Ramazani

Barafiki, kwanza munyamaze kidogo.

Tangu nilirudi, siwezi kupita mu soko ya Kamembe bila kusikia nyuma ya mugongo: "Njo ule mwenye alienda kutupa Mzee." Maman Furaha, ule wa kuuzisha sombe, majani ya muhogo, aliniuliza mbele ya bantu bote: "Radiyo, Papa Ramazani ulimuacha kwa nani? Ulimuuzisha kwa Batanzania?" Mukono yangu ilifika ku sinia yake niipindue. Sikuipindua. Hiyo pia muiseme, juu nyinyi munapenda kusema.

Sasa nitabaambia safari yote, fasi kwa fasi. Muntu mwenye atanikata maneno katikati, atoke inje.

Kwa wenye hawanijui muzuri: miye njo Faustin, natengenezaka maradiyo ku kibaraza karibu ya muskiti. Hakuna shule ilinifundisha. Nilifungua redio moja nikashindwa kuifunga, nikafungua ya pili, nikaendelea kuharibu mpaka nikaelewa. Bananiita Radiyo, lakini si juu ya kazi. Ni juu ya kinywa.

Papa Ramazani ni fundi wa mafuru, zile tanuru kubwa ya kuchomea mikate. Nusu ya mukate munakula hapa inatoka mu furu yenye alijenga na mikono yake. Wakati bita ilinifukuza Bukavu, nilivuka daraja ya mupaka kuingia hapa Rwanda, sina baba, sina mama, sina hata viatu ya kufanana. Nikaikala ku mulango yake. Akaniuliza: "Unajua kukoroga udongo?" Nikasema hapana. Akasema: "Utajua." Ni ile tu. Sikutoka tena kwake. Miye mukristu, yeye muislamu, na muntu akimugusa, amenigusa miye.

Basi, Mzee alichoka. Bibi yake alikufa zamani, batoto Mungu hakumupa, magoti inauma. Alianza kusema: "Bantu ya serikali bakizeeka banapata retreti, ile pensheni. Miye fundi, nani atanipa retreti? Nitajipa mwenyewe." Na retreti yake aliipanga Ujiji, Tanzania, kule babu yake alitoka na misafara ya zamani. Haruna, mutoto wa shangazi yake, alimutumia habari kama kuko chumba nyuma ya nyumba yake, na kipande ya shamba. Mzee hakutaka kingine. Chumba, kuku mbili tatu, kiti, na fasi yenye masasi haisikiki. Munajua namna iko hapa kwetu: bunduki ikilia Bukavu, maji ya ziwa inaleta sauti yote mpaka ku kitanda. Kila mara ilikuwa inalia, Mzee alikuwa anaamuka, anaikala ku kitanda, anangojea inyamaze. Hata ikinyamaza, alikuwa anangojea.

Nikamuambia mbele ya muskiti, bantu banasikia: "Papa, hauendi peke yako. Nitaenda na weye, nitaikala na weye, nitakutunza mpaka Mungu akuite."

Nilisema vile. Njo sababu munanitukana.

Kamembe mpaka Nyungwe

Njia ya karibu ni kushuka Bugarama, kukamata Burundi, na kufuata ziwa. Lakini Burundi ilikuwa mu bita; nani mwenye akili alikuwa anapita ile njia ile mwaka? Tukazunguka: Kigali kwanza, kisha Rusumo, kisha Tanzania yote mpaka chini.

Tulipata lori ya muchele. Shofere, jina yake Papa Deo, alimuweka Mzee mbele, miye juu ya magunia pamoja na Maman mumoja wa Mururu mwenye alikuwa anapeleka maziwa kwa binti yake Butare. Katikati ya pori ya Nyungwe, muti ulianguka mu barabara. Muti mukubwa vile, hata gari ya askari ilikuwa inangojea.

Tukangojea. Baridi ilikuwa inakula masikio. Nikashuka nikaenda kumugombeza muntu mwenye alikuwa anakata na shoka: "Unakata muti ao unaupapasa?" Akanipa shoka. Nikakata kidogo, nikamurudishia. Papa Deo alicheka mpaka akakohoa: "Radiyo, betri imeisha?"

Mzee alikuwa na kiu. Ule Maman akafungua bido yake ya maziwa, akamimina mu kikombe, akaonja kwanza, akapangusa ukingo na kiganja, akamupa Mzee. Mzee akakunywa, akasema Mungu akubariki. Hakuna muntu alitazama mara mbili. Ni vile tunafanyaka. Mwenyewe anaonja, mugeni anakunywa. Mutoto wa Gitambi anajua, mutoto wa Rwimbogo anajua, hata mulevi anajua. Nasema hiyo sasa ili mukifika mbele musiniulize: "Lakini Radiyo, sababu gani?"

Kigali na daraja ya Rusumo

Ya Kigali sitasema mingi. Tulikula biazi na maharage mu hoteli, fanta ikaletwa imefunguliwa nyuma ya kaunta, nikairudisha. Kijana wa hoteli akaleta ingine, akaifungua mbele ya macho ya Mzee, akaomba musamaha. Sawa. Tulikuwa tungali kwetu.

Rusumo, maji inaanguka chini ya daraja na kelele mpaka haumusikii hata muntu mwenye anakutukana. Tulivuka na miguu. Ng'ambo ya Tanzania, polisi mumoja na bunduki yake akakuja mbele yetu. Mzee tayari alikuwa anapapasa mufuko kutafuta makaratasi. Polisi akainama kidogo, akasema:

"Shikamoo, mzee."

Mzee akanitazama. Miye nikamutazama polisi. Kwetu, muntu wa bunduki akikusalimia na heshima, ujue anatafuta kitu.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Nimemwamkia mzee."

"Nimeona. Na kisha kumuamukia?"

"Kisha anajibu marahaba."

Mzee akasema "Marahaba," sauti ndogo, kama muntu anakubali kosa mu ofisi ya komine. Polisi akaenda zake. Hakuomba kitu. Ile siku yote Mzee alikuwa na kicheko ya kuficha. "Umeona? Polisi ameniamukia."

"Papa, alikuwa anatafuta kitu."

"Eeh. Alitafuta marahaba, nikamupa."

Tukaenda kungojea bisi ya Nyakanazi. Tukasimama upande wa kuume wa barabara, kama bantu bote ya duniani. Bisi ikakuja upande mwingine, ikapunguza mwendo, shofere akapiga honi, akanyoosha mukono. Nikafikiri ananitukana. Nikamujibu na kidole. Akaenda. Muzee wa kuuzisha mahindi akatuambia pole pole: "Ndugu zangu, huku magari yanapita kushoto. Hapo mliposimama ni pa kurudi Rwanda." Ile njo ilikuwa bisi ya mwisho ya siku. Mzee hakunisemesha mpaka asubui. Asubui akasema neno moja: "Kushoto."

Njia ya vumbi

Nyakanazi, magari inangojeana. Haiendi mbele mpaka zikuwe mingi, na polisi wa bunduki anapanda, juu ya majambazi mu njia ya Kibondo. Mzee aliona ile bunduki inapanda mu bisi, akainama kichwa.

"Hii njo Tanzania ya amani?"

"Papa, tunaweza kurudi. Hata sasa."

"Nimekuuliza kurudi?"

Mu kioski, binti moja akaniletea soda. Kifuniko imekwisha kutoka. "Nimekufungulia, kaka," akasema, na meno yote inje. Nikamuambia arudishe, alete yenye imefungwa, aifungue mbele ya Mzee. Akaita benzake: "Njooni mwone, kaka huyu ana vituko!" Bakacheka. Nikataka kubaambia neno, Mzee akanikamata mukono. "Kunywa," akasema. "Mwenye hataki kunywa, avumilie kiu." Nikavumilia kiu. Yeye pia akavumilia. Hakuisema, lakini sikumuona akikunywa.

Kisha vumbi. Barafiki, vumbi ya hapa kwetu ni mutoto. Ile ya Kibondo inaingia mu meno, inaingia mu maneno. Bisi ilikufa mara moja, ikafufuka, ikakufa tena karibu ya Kasulu. Maman mumoja na gunia ya maharage, mwenye alikuwa ameikala nyuma yetu, alinisikiliza nikimugombeza fundi, nikimugombeza shofere, nikimugombeza jua. Akamuuliza Mzee: "Baba, huyu mwanao mlimlisha pilipili tumboni?"

"Si mimi nilimulisha," Mzee akajibu. "Nilimukuta amekwisha kula."

Mu hoteli ya Kasulu bakatuletea wali na migebuka, zile samaki ndefu ya ziwa. Mzee akasukuma sahani. Miaka yote niko naye, samaki haigusi. Nikamuambia: "Papa, tunaenda kuikala Ujiji. Kule ni samaki asubui, samaki mangaribi. Ulifikiria?"

"Nilifikiria. Nitakula maharage."

"Maisha yote?"

"Yenye imebakia si mingi vile."

Hasira ilinipanda. Sipendi akisema vile. Nikakula migebuka yangu na yake, na miiba ilikuwa inanichoma, na sikusema asante kwa muntu.

Ujiji, jagi ya ukwaju

Tukafika. Joto, mchanga, muziki kila nyumba, na mbu yenye haina hofu ya Mungu. Nikamutazama Mzee nione kama anajuta. Alikuwa anatembea mbele yangu kama kijana, begi ku mabega, anauliza nyumba ya Haruna kwa kila muntu, na kila muntu anamujibu, mumoja hata akatusindikiza.

Haruna ni muntu munene, anauzisha mafuta ya mawese, anacheka na tumbo. Alimukumbatia Mzee mpaka kofia ikaanguka. Akatuonyesha chumba: safi, ukuta mupya, kitanda ya kamba. Nyuma, kipande ya udongo. Mzee akaichukua mu mukono, akaisugua, akapima na miguu.

"Hapa, furu."

"Papa, si ulisema umemaliza kazi?"

"Furu kidogo. Ya mikate yangu."

Basi nikajua: amekubali. Roho yangu ilifurahi na kuuma, byote pamoja.

Tukaikala ku baraza ya mbele. Bi Mwajuma, bibi ya Haruna, akaleta jagi na bikombe. Akamimina. Ilikuwa kinywaji nyeusi, nzito, rangi ya oili ya lori. Baadaye nilijua ni ukwaju. Siku ile sikujua kitu kinaitwa ukwaju.

Akaweka kikombe mbele ya Mzee, akaikala.

Mzee akaweka mikono ku magoti. Anangojea Haruna ao bibi yake aonje. Haruna naye anangojea mugeni aanze. Bi Mwajuma anangojea. Inzi ikaikala ku ukingo ya kikombe, ikaangalia ndani, ikaenda. Haruna akasema: "Karibu, karibu." Mzee akasema: "Asante, asante." Hakuna mukono ulisogea. Tena: "Karibuni jamani." Tena: "Asante sana." Nikamuona Mzee anameza mate. Toka Kasulu alikuwa hajakunywa.

Nikachoka. Nikasema: "Maman, onja kwanza."

"Nionje?"

"Uonje, kisha Mzee akunywe. Kwetu muntu hakunywi kitu yenye mwenyewe hajaonja."

"Kwa nini?"

Miye nilifikiri ni swali. Nikamupa jibu. "Juu ya sumu," nikasema.

Eh, barafiki. Jirani mwenye alikuwa anapita akasimama. Bi Mwajuma akasimama. Kikombe ikaanguka. Haruna hakucheka tena. "Kijana, umemwita mke wangu mchawi? Kwenye baraza langu?"

Hapo ilifaa ninyamaze. Lakini nikasema kwa nguvu, ili na bajirani basikie muzuri, kama kuonja ni heshima, kama kwetu hata mulevi anaonja, kama muntu mwenye anakataa kuonja njo unamuuliza anaficha nini. Sikumaliza ile neno ya mwisho, nikajua imetoka mubaya. Bajirani wakakuwa wengi ku mulango. Mama mumoja akasema kwa sauti ya chini: "Huyu kijana hajui anachosema, au anajua kitu?"

Bi Mwajuma akaanza kulia. Si kulia ya kukasirika. Ilikuwa ya woga. "Watu wamesikia," akasema. "Mtoto wa mtu akiugua kesho, mlango gani utagongwa? Wangu."

Haruna akamuambia Mzee: "Wewe ni ndugu yangu, chumba ni chako. Huyu, hapana. Halali chini ya paa langu."

"Basi tunaenda bote!" nikasema. Nikabeba begi. Nikafika inje, nikageuka.

Mzee alikuwa ameikala bado. Mikono ku magoti.

Nyumba kumi

Bi Mwajuma hakukubali ilale vile. Akasema twende kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwetu pia tuko na nyumbakumi, na nikijua namna ya kwetu beko wakali, nikajiambia sasa tumekwisha.

Mjumbe alikuwa Bi Zuhura, mama mufupi, miwani imefungwa na uzi. Alituikalisha ku mikeka mbele ya nyumba yake, bantu wakazunguka. Bi Mwajuma alibeba lile jagi mpaka pale, limefunikwa na kitambaa, kama mwanasheria anabeba dosie ya kesi. Akasema yake. Haruna akasema yake. Bi Zuhura akanigeukia.

"Eleza. Polepole."

Nikaeleza. Maziwa ya ule Maman wa Mururu, chupa inafunguliwa mbele ya macho, kikombe inaanza ku kinywa ya mwenyewe. Nikasema ni mapendo. Unamuambia mugeni: kitu chenye kitakuingia, kimeniingia miye kwanza.

Bantu wakanisikiliza. Kisha kijana mumoja akauliza, bila ubaya, ni kuuliza tu: "Kwa hiyo kwenu kila mtu anaona jirani yake anaweza kumuua?"

Nikafungua kinywa.

Munanijua. Sijakosa neno hata mbele ya askari. Lakini nilifikiri Bukavu. Nilifikiri hapa kwetu, bile bajirani walifanyiana, na nani alibifanya, na walikuwa wanaikala nyumba gani. Nikaanza kung'oa ukindu ya mukeka, moja moja. Ule kijana akainama, akasema: "Samahani, kaka."

Bi Zuhura akamuuliza Papa Ramazani: "Na wewe, mzee? Unaogopa kinywaji cha shemeji yako?"

Mzee akasema: "Mama, sitakudanganya. Nilikuwa naogopa. Si yeye. Ni mukono yangu tu, imezoea kungojea." Akavuta jagi, akatoa kitambaa, akamimina mwenyewe, akakunywa mpaka chini. Akapangusa ndevu. "Inakosa sukari."

"Sukari imejaa tele!" Bi Mwajuma akapiga kelele na machozi yake.

"Basi sukari ya huku haina nguvu."

Bantu wakacheka, hata Haruna, lakini Bi Zuhura hakunisahau. "Wewe una sauti. Ulilitangaza jambo, sasa ulitangue. Utapita nyumba zote kumi, mlango kwa mlango, useme kwa mdomo wako kwamba Bi Mwajuma hana doa."

Mulifikiri ni azabu kidogo? Nilianza na nyumba ya kwanza: "Hodi. Miye njo ule mugeni mujinga. Bi Mwajuma ni muntu safi, ni miye sikujua desturi." Mwenye nyumba akasema: "Yamekwisha, kaa unywe maji." Bantu nyuma yangu bananitazama. Nikakunywa. Nyumba ya pili, uji. Ya tatu, kahawa chungu sawa dawa ya minyoo. Kila mulango kikombe, na hakuna mwenye alionja, na batoto walikuwa bananifuata nyuma banahesabu kama ku mupira. Tumbo yangu ikakuwa ngoma. Nyumba za kwanza nilikuwa nanusa kikombe kwanza, kisha nikaacha kunusa.

Karibu ya mwisho, kulikuwa bibi kizee mumoja, haoni muzuri. Alinimiminia chai. Akashika kikombe, akasema: "Wamenieleza. Wanasema kwenu mnaonjewa. Nikuonjee, mjukuu wangu?"

Nikasema: "Hapana, Bibi. Nipatie tu."

Sijui sababu gani ile chai njo iliniliza.

Bariera

Haruna alinipa mukeka mu chumba ya Mzee. Nikakuwa na furaha: basi tutaikala bote. Nikatengeneza redio ya Haruna, nikatengeneza ya jirani, tayari nilikuwa naona fasi ya kuweka meza yangu.

Lakini siwezi kutulia, munanijua. Muntu akikuja kumusalimia Mzee, nilikuwa namuuliza: weye nani, unatoka wapi, unataka nini. Chakula ikiletwa, nilikuwa naikula kwanza kidogo, nikijidai njaa. Mulango nilikuwa naufunga na kuweka begi nyuma yake. Mzee aliona yote. Siku moja tulikuwa tunakoroga udongo wa ile furu kidogo, miguu ndani, akasema bila kuniangalia:

"Radiyo, utarudi nyumbani."

"Kuleta nini?"

"Kubakia."

Nikatoa miguu mu udongo. "Papa, niliapa! Mbele ya muskiti! Bantu walisikia!"

"Na miye nilisikia. Nilifurahi."

"Sasa nimekukosea nini? Ni ile ya ukwaju? Si nilipita nyumba zote?"

"Si ile." Alikoroga kidogo. "Nilikimbia bariera zote za kule, vile vizuizi ya askari mu njia. Nikafika hapa, nikakuta nimekuja na moja. Bariera njo weye, mutoto wangu. Muntu akikuja kwangu, anakupita kwanza. Nikikuona umeikala ku mulango, najua bita ingaliko. Hata kama haiko."

Nilimutukana, nasema kweli. Nikamuita muzee wa roho ngumu. Nikamuambia atakufa na samaki. Nikamuambia kule Kamembe furu zake zitabomoka na sitaweka hata tofali moja.

"Utaweka," akasema. "Ile ya karibu ya soko, mulango yake inahitaji udongo mupya kabla ya mvua. Na usiweke maji mingi, weye unapenda maji mingi."

Njo vile aliniaga. Hakuna maneno ingine. Tulimaliza furu pamoja, tukaichoma, mukate wa kwanza ukaungua chini. Bi Mwajuma aliukula na kusema ni mutamu.

Kutoka

Siku ya kutoka, jua ilikuwa imepanda, batoto wamekwisha kuenda shule, soko ina kelele, wanawake wanatwanga, muziki kwa jirani. Haruna aliniitia muntu wa baiskeli anipeleke ku bisi. Nikaenda ku chumba kuchukua begi na kumuambia Mzee kwaheri, na neno ya mwisho yenye nilikuwa nimeipanga, maana nilikuwa na maneno mingi ya kumushinda.

Alikuwa analala, anakoroma. Ku mugongo, kinywa wazi, mukono moja unaning'inia inje ya kitanda. Milango yote mbili ilikuwa wazi, ya mbele na ya shamba, jua inapita katikati. Kuku ikaingia, ikamuzunguka, ikatoka upande mwingine. Jirani alipita na akapiga kelele kumuita Haruna, karibu ya sikio yake. Hakusogea.

Bi Mwajuma akasimama nyuma yangu. "Nimwamshe?"

Miaka yote nilikuwa naye, sijawahi kumuona muchana akilala vile. Wala usiku.

"Hapana," nikasema. "Mumuache."

Mukono yangu ulikuwa umekwisha kukamata mulango, niurudishe kidogo, juu ya bantu ya njia. Nikauachilia. Nikachukua begi, nikatoka, nikauacha wazi.